Maziwa Yangu Yalipopigwa Lakiri

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na watu waliokuja kusikiliza kesi walikuwa wamejibana barazani wakikung'uta miavuli.

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo: mimi ni karani wa mahakama. Nina mtoto wa kiume wa miezi mitatu na nusu. Nilirudi kazini nikiwa na pampu ya kukamulia maziwa ndani ya mkoba, na imani kwamba mwanamke aliyesoma hawezi kushindwa na kifaa chenye kitufe kimoja.

Wiki ya kwanza nilikamulia chooni, hadi foleni ya nje ilipomwita mlinzi avunje mlango. Wiki ya pili nilikamulia kwenye stoo ya majalada, mtu akazima taa, akafunga kwa ufunguo, akaenda zake kula. Wiki ya tatu nilikamulia ndani ya gari la msajili wa mahakama. Msajili alisahau kwamba nimo, akaondoa gari.

Wiki iliyopita msajili huyo, kwa aibu, aliniruhusu kutumia chumba cha vielelezo. Ni chumba kinachotunza kila kitu kinacholetwa kama ushahidi: visu, redio za wizi, viatu vya mguu mmoja. Kina kufuli, soketi na jokofu. Niliona dunia imeninyookea.

Nakiri kosa langu mapema. Ruhusa ile ilikuwa ya mdomo. Nina miaka tisa katika kazi ya ukarani, na sikuomba karatasi.

Mtunza vielelezo tunamwita Bwana Lakiri, kwa sababu ya nta nyekundu anayoyeyusha ili kufunga kila kinachoingia chumbani mwake. Amebakiza miaka miwili astaafu. Jumatatu hakuwapo, alikuwa hospitali aking'olewa jino. Jumanne nilimkuta mezani, shavu limevimba, mshumaa unawaka. Mbele yake zilipangwa chupa nane za plastiki zenye vifuniko vya buluu. Zote zilikuwa na maziwa. Zote zilikuwa na tone la nta nyekundu shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Usiguse."

"Tatu kati ya hizo ni zangu."

"Nimekuta nane kwenye jokofu. Nimesajili nane."

"Mzee, ni maziwa yangu. Yangu mimi mwenyewe. Ya mtoto."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Chumba hiki kinaitwaje?"

"Chumba cha vielelezo."

"Na vilivyomo huitwaje?"

"Vielelezo."

"Basi."

"Msajili aliniruhusu."

"Nionyeshe barua."

Nilimwonyesha mkoba wenye pampu.

"Sheria ni msumeno, binti. Hukata mbele na nyuma."

"Na mtoto wangu atanyonya msumeno?"

"Kitu kikishapigwa lakiri, hakifunguliwi ila kwa amri ya Mheshimiwa hakimu. Usidhani nakuonea. Mwavuli wangu mwenyewe ulikaa humu mwaka mzima. Niliuegemeza pale, nikausajili kwa mazoea."

Alifunika chupa zote kwa kitambaa cheupe, kama mtu anayefunika maiti.

Sasa nieleze kwa nini chupa tatu tu zilinitia hofu. Mwanangu alizaliwa mdogo. Kliniki walisema asipewe kitu chochote ila maziwa yangu hadi atimize miezi sita. Mama mkwe, ambaye hubaki naye, alikubali agizo hilo kama mtu anavyokubali sindano. Amelea watoto saba, na wote saba walionja uji kabla hawajaota jino.

"Nitayangoja maziwa yako ya mashine," aliniambia. "Ila ikipiga saa saba mchana hayajafika, nampa uji. Mgonjwa haulizwi uji, sembuse mtoto."

Kwa hiyo tulijipangia utaratibu. Kila jioni narudi na chupa moja, ambayo mtoto huinywa saa nne asubuhi inayofuata. Zinazobaki hulala katika jokofu la mahakama, kwa maana letu la nyumbani mlango haufungi vizuri. Saa tano mume wangu, ambaye ni msambazaji wa vifurushi kwa pikipiki, hupita kuzichukua na kuzipeleka nyumbani. Safari yake ni ya saa nzima, kwa kuwa hugawa vifurushi njiani. Jumatatu nilikamua chupa nne. Nilibeba moja. Zilibaki tatu. Hizo ndizo zilizokuwa chini ya kitambaa.

Nilimwomba Bwana Lakiri anipishe nikamue mengine. Alitoka. Akasimama nje ya mlango, akawa anakohoa. Baada ya dakika tano akagonga.

"Binti."

"Naam, mzee."

"Hicho unachokikamua sasa, nacho nikisajili?"

Nilipata vijiko viwili. Maziwa yana kiburi cha bwana harusi: ukiyaharakisha, hayaji.

Saa nne kamili kengele iligongwa. Nilikwenda kuketi mahali pangu, chini ya kiti cha hakimu, tayari kuandika kumbukumbu. Hakimu wetu ni mama mtu mzima, mwembamba, asiyepoteza neno. Kesi ya kwanza ilimhusu muuza maziwa aliyekamatwa Jumatatu alfajiri, akishtakiwa kwa kuuza maziwa yaliyotiwa maji. Polisi walikuwa wameyaleta maziwa yake Jumatatu hiyo hiyo na kuyaweka kwenye jokofu, wakati Bwana Lakiri yuko kwa daktari wa meno.

Alikuwa anauza katika chupa za plastiki zenye vifuniko vya buluu. Zangu nazo nilizinunua sokoni, baada ya chupa za pampu kupotea kwenye gari la msajili. Mji mzima hutumia chupa hizo.

Mwendesha mashtaka, kijana aliyenyoosha suruali ikakata kama kisu, alisimama.

"Mheshimiwa, naomba kutoa vielelezo. Chupa nane."

Muuza maziwa alinyoosha mkono kutoka kizimbani.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Maziwa yakilazwa kwenye baridi huzaana?"

"Subiri zamu yako," alisema hakimu. Alichukua chupa moja, akaigeuza, akasoma kibandiko chake. "'Kulia. Jumatatu, saa nne.' Mwendesha mashtaka, kulia kwa nini?"

"Kulia kwa baiskeli, Mheshimiwa. Mshtakiwa hubeba mzigo pande zote mbili."

"Mimi nina mkokoteni," alisema muuza maziwa.

Hakimu alichukua nyingine. "'Kushoto. Kidogo tu, panauma.' Ni nani aliyekuwa anaumwa?"

Mwendesha mashtaka alitafakari. "Huenda mshtakiwa aliteguka wakati wa kukamatwa, Mheshimiwa."

"Mlimpiga?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Mshtakiwa, ulipigwa upande wa kushoto?"

"Sijapigwa, Mheshimiwa. Ila kama kuna fidia, nitajaribu kukumbuka."

Nami niliyaandika yote hayo. Ndiyo kazi yangu. Niliandika "kulia", nikaandika "kushoto", nikaandika "panauma".

"Vielelezo vyote vinane," alisema hakimu, "vipelekwe kwa mkemia leo hii vikapimwe."

Nje nikasikia honi ya pikipiki. Mara moja fupi, mara moja ndefu. Alikuwa mume wangu. Nilitazama saa ya ukutani: saa tano kamili.

Nilisimama.

"Mheshimiwa, naomba niseme neno."

"Karani huandika. Hasemi."

"Baadhi ya chupa hizo ni zangu."

"Ulizinunua kwa mshtakiwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nimeyatoa mwenyewe."

Macho yote yalihamia kwangu. Kisha bibi mmoja katika benchi la nyuma akasema polepole, "Pole, mwanangu," na benchi zima likaitikia, "Pole."

Bwana Lakiri alikuwa tayari amesimama. "Mheshimiwa, nilishazisajili."

"Nimesikia," alisema hakimu. "Anayedai kielelezo hula kiapo. Karani, panda kizimbani. Nitaandika mwenyewe."

Nilikula kiapo. Nimewaapisha watu wengi katika ukumbi ule, na siku zote nimewaambia waseme kwa sauti. Siku hiyo nilijua kwa nini huwa hawasemi kwa sauti.

Mwendesha mashtaka alianza. "Karani, unaweza kuthibitisha kwamba maziwa haya hayakutoka kwa ng'ombe?"

"Nilikuwapo yalipotoka."

"Kuna shahidi mwingine?"

"Nilifunga mlango."

Hakimu alimgeukia muuza maziwa. "Una swali kwa shahidi?"

"Moja tu, Mheshimiwa. Mama, uliyatia maji?"

"Sikuyatia."

"Mimi namwamini," alisema muuza maziwa. "Nilisema maneno hayo hayo jana, mimi sikuaminiwa."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. "Shahidi anadai chupa ngapi?"

"Tatu, Mheshimiwa. Zina vibandiko vyenye mwandiko wangu."

Alizivuta karibu zile zenye vibandiko, moja baada ya nyingine. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kisha akafungua hati ya mashtaka. "Mshtakiwa alikamatwa na chupa tano. Zilizopo hapa ni nane."

"Tano na tatu ni nane, Mheshimiwa," alisema mwendesha mashtaka. Hesabu ilimfurahisha.

"Lakini vibandiko ni vinne. Zake nne, na za mshtakiwa zimebaki nne. Ya tano iko wapi?"

Bwana Lakiri alishika shavu lake. Nadhani aliyasikia maumivu ya jino ambalo halikuwapo tena.

Nami nikakumbuka. Jumatatu jioni, nilipokuwa nikifungua jokofu, umeme ulikatika. Nilipapasa gizani, nikashika chupa ya kwanza iliyonijia mkononi, nikaitia kwenye mkoba nikakimbilia basi. Nyumbani niliihamishia jokofuni bila kuitazama, maana mtoto alikuwa analia.

"Mheshimiwa," nilisema, "ya tano iko nyumbani kwangu."

"Kwa matumizi gani?"

"Ni ya mtoto. Ya saa nne asubuhi."

Watu wote, pamoja na mshtakiwa, waligeuka kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika kumi na tano.

"Piga simu," alisema hakimu. "Sauti isikike kwa wote."

Niliweka simu juu ya ukingo wa kizimba. Iliita mara sita.

"Haloo, Mama."

"Ni wewe? Mbona unapiga saa za kazi? Si uko kwa yule hakimu wako mwenye uso wa ndimu?"

Sikuinua macho.

"Mama, ile chupa ya saa nne. Umempa mtoto?"

"Chupa ile imekwisha zamani."

Nilishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Ameimaliza?"

"Nani, mtoto? Nimpe mtoto kitu nisichokijua? Haikuwa na karatasi yako. Nikaonja. Mwanamke aliyenyonyesha saba hafundishwi ladha. Nikajua hii ni ya dukani, nikaitia kwenye chai yangu."

Nilivuta pumzi. Bibi wa benchi la nyuma naye alivuta yake, ikasikika hadi mbele.

"Na aliyekuuzia amekuibia," aliendelea mama mkwe. "Ni maji matupu, mwanangu. Nimetia chupa nzima, chai haikubadilika hata rangi."

Mwendesha mashtaka aliruka kama aliyekalia msumari. "Mheshimiwa, huyu ni shahidi wa upande wangu."

"Labda alizidisha majani ya chai," alisema muuza maziwa.

"Nani huyo anayesema?" aliuliza mama mkwe.

"Ni mwenye maziwa, Mama."

"Mpe simu."

"Asipewe simu," alisema hakimu.

"Na huyo je?"

"Huyo ni Mheshimiwa hakimu, Mama."

Kisha mama mkwe akasema, kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, "Mheshimiwa, hujambo? Ndimu ni dawa ya mengi."

Hakimu hakujibu salamu hiyo. Aliniashiria niendelee.

"Mama, mtoto yukoje?"

"Analala, anaamka, analia. Hajala tangu ulipomnyonyesha alfajiri. Uji nimeshaukoroga, unapoa. Nilikupa hadi saa saba, nami sivunji neno langu. Leta maziwa."

Hakimu alitoa amri papo hapo: chupa nne zenye vibandiko zirudishwe kwa mwenyewe. Msomaji, ungedhani balaa liliishia hapo. Humjui Bwana Lakiri.

Kuvunja lakiri nako kuna utaratibu. Alitoa kisu kidogo. Akakifuta. Akakata nta ya chupa ya kwanza, akaipima kwa rula, akaihifadhi kwenye bahasha. Akaandika katika rejista saa, sababu na jina la aliyetoa amri. Nikatia sahihi. Akasaini yeye. Akaiita chupa ya pili kwa nambari yake kamili, kana kwamba ingeweza kukataa kuja.

"Mzee, nakuomba."

"Haraka ndiyo iliyotufikisha hapa, binti."

Ilikuwa kweli.

Saa sita kasoro dakika ishirini nilimkabidhi mume wangu chupa nne mlangoni. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kofia ya pikipiki.

"Mbona zimechelewa?"

"Zilikuwa kizuizini."

"Kwa kosa gani?"

"Nenda."

Aliziweka kwenye boksi la baridi, akaondoka. Nilipiga hesabu. Saa saba kasoro dakika ishirini angekuwa mlangoni. Tulikuwa na dakika ishirini za akiba. Nilirudi ukumbini nikiwa mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mwendesha mashtaka alikuwa bado amesimama. "Mheshimiwa, aliyekunywa kielelezo ndiye pekee anayeweza kueleza kilivyokuwa. Naomba aitwe leo, kabla hajasahau ladha."

Hakimu alifikiri. "Ombi limekubaliwa. Shahidi afike saa nane. Gari la polisi likamchukue saa sita na nusu. Kuhusu karani kuondoa kielelezo mahakamani, nitatoa uamuzi saa hiyo hiyo. Karani, mjulishe shahidi."

Nilipiga tena.

"Mama, unaitwa mahakamani. Wewe ni shahidi."

"Mimi? Kwa chai?"

"Kwa chai. Polisi watakufuata saa sita na nusu. Njoo na mtoto, maziwa yake yako njiani."

"Yatafika saa ngapi?"

"Saba kasoro dakika ishirini."

Alihesabu kwanza. Mama mkwe hakusoma sana, lakini kutoa na kujumlisha hajambo.

"Sita na nusu polisi. Saba kasoro ishirini maziwa. Kwa hiyo mume wako atakuta mlango umefungwa."

Sikuwa nimeliona hilo. Wala hakimu. Wala mwendesha mashtaka, aliyependa hesabu.

"Mama, waambie polisi wangoje dakika kumi."

"Niwaambie polisi wangoje? Mimi? Sikiliza, mwanangu. Sijawahi kusimama mbele ya hakimu maisha yangu yote, na sitasimama na mtoto anayelia kwa njaa, watu waseme nimeshindwa kulea. Atakula kwanza. Nilisema saa saba nikiwa sijaitwa na serikali."

Hakimu aliahirisha shauri hadi saa nane, akaagiza chai kavu, bila maziwa.

Mwendesha mashtaka alikwenda kuandika hati ya wito, akauliza kama jina la kielelezo liandikwe "maziwa" au "chai".

Muuza maziwa aliomba ruhusa ya kupiga simu, akamwambia mkewe asiuze kitu hadi arudi.

Bwana Lakiri alifungua ukurasa mpya katika rejista, akaacha nafasi kwa ajili ya kikombe.

Gari la polisi liliondoka uani saa sita kamili.

Mume wangu alikuwa njiani, na mvua ilikuwa imezidi.

Mimi nilibaki na simu sikioni, kwa sababu mama mkwe hakuikata. Aliiweka tu mezani. Nilimsikia mtoto akilia. Nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Kisha mtoto akanyamaza.